Hongera Waliyompa Kitaab

Mimi hakuna jambo la dunia hii linaloweza kunishangaza, mwanangu. Nimeuona mto Tana ukibeba duka, mwenye duka bado yumo ndani anahesabu chenji. Nimemuuzia ngamia mtu aliyekuja usiku kuniibia ngamia, na alilipa taslimu. Shule niliiruka dirishani nikiwa darasa la tatu na sijarudi kuuliza walifika wapi, lakini leo wenye digrii wananipigia simu kuniomba lori. Kwa hiyo nilidhani masikio yangu yameshasikia yote.

Halafu juzi nikasikia mlichosema kwenye kamati yenu ya maktaba. Yule binti anayekaa pale mezani amevamiwa na mtu mwenye panga, mchana, mbele ya watoto waliokuja kusoma. Ameomba apumzike. Na wewe, mwanangu, mwenyekiti mwenye suti, ukamjibu: hukukatwa hata ukucha, rudi kazini, kazi yenyewe ni ya kukaa kivulini.

Kaa chini. Zima hiyo simu. Nina hasira, na hasira ya mtu wa umri wangu haifai kutupwa bure.

Nakumbuka mchana mmoja wa miaka ya tisini, hapa hapa Garissa, watu wamejaa barabarani kulizunguka lori langu, nami naukata umati kwa viwiko. Nilikuwa kijana, lakini kijana wa maana. Nilianza nikiwa utingo, nikalala juu ya magunia ya sukari, nikala vumbi la kutoka hapa mpaka Buna, na kabla ndevu hazijanijaa nilikuwa na lori langu mwenyewe. Walikuwa wakiniita Bati. Unajua kwa nini? Tulipojenga maktaba karibu na soko la mifugo, chumba kimoja cha mawe kwa michango ya watu, wengine walitoa mbuzi, wengine walitoa ahadi. Mimi nilitoa paa zima. Kila bati! Mvua ikinyesha nilikuwa napita pale kwa makusudi nisikie mlio wake.

Mkutubi wetu alikuwa kijana mwembamba kutoka Ijara, jina lake Yusuf. Kwetu mtu hadumu na jina alilopewa na baba yake, kwa hiyo tulimwita Kitaab. Kazi yake ilikuwa kukaa na vitabu, na mara moja kwa wiki kupakia masanduku kwenye lori langu, kuyapeleka kwa watoto wa shule kule Hagadera, kambi ya wakimbizi, na kurudisha vitabu vilivyosomwa. Lori liliendeshwa na Salat, dereva wangu. Salat alikuwa zaidi ya dereva, lakini hilo nitalisema baadaye, nikiweza.

Siku hiyo walikuwa wanarudi. Vijana wenye bunduki walitoka vichakani, wakapiga kioo cha mbele. Walitaka pesa. Walikuta masanduku ya vitabu, wakayamwaga barabarani, wakaenda zao. Salat alikuwa ameshakufa, kichwa chake kimelala begani kwa Kitaab. Dereva wa lori lililokuwa nyuma yao ndiye aliyewaleta mjini kwa lori langu hilo hilo.

Sasa sikiliza tulivyompokea huyu aliye hai.

"Mashallah! Risasi zote zile na hata shati halikutoboka!"

"Kitaab, una bahati ya punda. Chinja mbuzi!"

"Hongera, ndugu yangu. Hongera, umepona!"

Shati lile lilikuwa limelowa damu ya Salat mpaka kiunoni, na sisi tunalisifu kwa kutotoboka. Mimi mwenyewe nilimshika mkono nikampa hongera. Nikamnunulia yule mbuzi wa shukrani. Watu wakala. Yeye alikaa akiitazama nyama kama mtu aliyeombwa asome lugha asiyoijua.

Wazee wa pande mbili, upande wa wale vijana na upande wa Salat, wakakaa, kama desturi. Ngamia wa damu wakahesabiwa, wakapewa mama yake Salat na watoto wake. Fatiha ikasomwa. Na wewe umezaliwa hapa, unajua maana yake: Fatiha ikishasomwa, jambo limefungwa. Anayelifukua ni mchokozi, anataka watu wachinjane tena. Salat alihesabiwa, lori langu likahesabiwa, hata kioo kikahesabiwa. Kitaab hakuhesabiwa, kwa sababu hakuwa na kitu cha kuhesabu. Alikuwa na mikono miwili, miguu miwili, macho yake yote. Kesho yake akafungua maktaba.

Mwanangu, mtu wa duka akichoka hufunga duka. Mchungaji akitaka kulia huenda na mbuzi wake mbali, akalia. Mtu wa maktaba atakwenda wapi? Mlango wake ni wa kila mtu, na hauna kiingilio. Wakaja wasiowahi kushika kitabu maishani mwao. Wakavuta viti. "Haya Kitaab, tuhadithie. Walikuwa wangapi? Walivaa nini? Damu ilikurukia wapi?" Akimaliza kuwahadithia hawa, wanaingia wengine. Walevi wa habari! Kisha kila siku, jua likianza kuwa kali, alikuja Hooyo, mama yake Salat, akakaa mbele ya ile meza, akauliza swali moja tu.

"Mwanangu alisema nini mwisho?"

"Alitamka shahada, Hooyo."

Mama anamshukuru Mungu, anafuta macho, anakwenda. Kesho anarudi.

Baada ya muda malalamiko yakaanza kuifikia kamati, na mweka hazina wa kamati ni nani? Bati. Kwamba Kitaab anafunga mlango mchana. Kwamba mtoto aliangusha kamusi sakafuni, na Kitaab akaingia chini ya meza, watoto wakacheka, naye akawafukuza wote kwa matusi, yeye ambaye hajawahi kumtukana hata mbwa. Kwamba hataki tena kupanda lori, na watoto wa Hagadera wanangoja vitabu bure. Katika kikao tulicheka. Mwenzetu mmoja, muuza nguo, akasema maneno yaliyokuwa mazuri sana masikioni mwangu siku hiyo: "Kitabu hakiumi. Kazi ya kivulini itamchoshaje mwanamume?" Tukarudia mpaka ikawa mzaha wa mji. Kitabu hakiumi!

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tuliukalia kabisa.

Nikaenda kumwona. Nilimkuta anapanga vitabu rafuni, mikono inatetemeka, anavitoa na kuvirudisha vile vile.

"Waarya, wewe Kitaab, una nini?"

"Sijui, Bati."

"Usingizi?"

"Hamna."

"Basi nionyeshe jeraha. Liko wapi? Salat ana kaburi, mimi nina lori limetobolewa. Wewe una nini?"

Akajitazama mikono. "Sina jeraha. Hilo ndilo linalonishinda. Ningekuwa nalo ningewaonyesha."

Na mimi, mwenye akili za kununua na kuuza, nikamwambia hivi, na watu waliokuwa wakisoma walisikia: "Fatiha imesomwa. Ukitetemeka tena mbele za watu unavunja suluhu. Unataka damu imwagike kwa sababu ya woga wako?"

Aliinamisha kichwa, akaomba radhi. Mwanangu, aliniomba mimi radhi.

Nilikuwa na mjomba, Abti Gedow, ndugu wa mama yangu, mmoja wa wazee waliokaa kwenye suluhu ile. Meno yalikuwa yameanza kumtoka, na "p" yake ilikuwa "b", kama wazee wetu wengi. Nilimweleza, tukiwa kwenye chai, mpango wangu: nitaliendesha lori mimi mwenyewe, nimkalishe Kitaab pale pale alipokuwa amekaa, tupite barabara ile ile, woga utoke. Madereva wangu niliwatibu hivyo. Akipata ajali leo, kesho namrudisha kwenye usukani.

Abti akaweka kikombe chini. "Ngamia wako akiona simba, kesho unambakia mzigo?"

"Mtu si ngamia, Abti."

"Kweli. Ngamia unamhurumia. Usimbeleke kijana huyo barabarani. Mwache kwanza."

Nilicheka. Nikasema moyoni, mzee huyu hajawahi kulipa hata karo ya mtu, ataniambia nini mimi Bati?

Nikampakia. Nilimwambia, ama upande lori ama utoe funguo za maktaba, na mshahara ule ndio uliokuwa ukimlisha mama yake Ijara. Akapanda. Kiti nilikuwa nimekibadilisha kitambaa, najisifu kwa hilo. Masanduku nyuma, sisi wawili mbele, nami napiga hadithi kwa sauti kubwa ili asikie sauti ya mwanamume asiyeogopa. Yeye alishika mlango kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka kama mtu aliyemwagiwa maji.

Unajua wachungaji wanavyofanya kwenye barabara ile. Wakisikia lori wanainuka vichakani, wananyanyua mtungi wa plastiki juu, wanaomba maji. Kila dereva anajua, na kila dereva mwenye utu husimama. Akainuka mwanamke mmoja wa mbuzi, ghafla, upande wa Kitaab, mkono juu na ule mtungi wa manjano.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kitaab hakuona mwanamke wala mtungi. Alifungua mlango lori likienda, akaruka.

Nilipofunga breki na kumrudia, alikuwa amelala kwenye changarawe, mguu umekunjika mahali pasipokuwa na goti. Mwanamke yule alikuwa amefika kabla yangu. Alitupa mtungi wake, akapiga magoti, akakishika kichwa chake. Hakuuliza yeye ni wa ukoo gani. Hakuuliza kilichotokea. Alikuwa anasema neno moja tu, pole ya ulimi wa kwetu, "Bole, bole, walaalo, bole," pole ndugu yangu, kama anayembembeleza mtoto. Na yule kijana, aliyekuwa hajalia siku ya mazishi, wala siku ya mbuzi, wala siku niliyomtukana, akalia mikononi mwa mtu asiyemjua. Hakulilia mguu. Hata mimi, pamoja na ukavu wangu, nilijua hakulilia mguu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema guu la nani. Aliyekataa kusikia nilikuwa mimi, na aliyevunjika ni mwingine, na jambo hilo linanikasirisha mpaka leo nikiwa natafuna chakula.

Watu wa Kitaab wakaja kutoka Ijara. Wazee wakakaa tena, safari hii mimi ndiye niliyekaliwa. Nilikwenda nimejiandaa. Nikasema: hospitali nimelipa, dawa nimelipa, mguu una bei yake kwa desturi, itajeni nilipe twende tukafanye kazi. Nilisema kwa sauti ya mwenye malori. Abti Gedow ndiye aliyeulizwa atoe neno. Nikafurahi, kwa sababu ni mjomba wangu.

"Mguu ni rahisi," akasema. "Mguu tunauona. Nina swali kwanza. Siku ile kijana huyu alibotoka kwenye damu, nani alimwambia bole?"

Wazee walitazamana. Muuza nguo akakohoa.

"Sisi tulimwambia hongera," mtu mmoja akasema.

"Hongera nimesikia, mbuzi wake hata mimi nilikula. Nauliza bole. Nani?"

Hatimaye nikasema, kwa sababu lilikuwa kweli na hakuna jingine: "Mwanamke mmoja wa mbuzi, barabarani."

Abti akanigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo, wala na polisi. "Mji mzima, wenye misikiti na kamati, tumeshindwa na mwanamke anayeomba maji. Na wewe ukamwambia Fatiha imesomwa. Fatiha tuliisoma kufunga bunduki za watu. Nani alikwambia tuliisoma kufunga kilio cha mtu? Ulimwomba jeraha. Haya, amekuletea. Umeridhika sasa?"

Nikasema, "Abti, mimi ni mtoto wa dada yako."

"Ndiyo maana nasema bole bole. Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningesimama na fimbo."

Wakacheka wazee, nami nikakaa na kicheko chao kichwani kama mzigo wa kuni. Ndipo akataja haal. Wewe wa siku hizi pengine hulijui neno hilo. Diya ni ya damu na mfupa. Haal hulipwa kwa heshima iliyovunjwa, kwa neno, kwa aibu uliyomtia mtu mbele ya wenzake, hata kama hakuna tone lililomwagika. Kumbe desturi yetu ilikuwa na bei ya jeraha lisiloonekana tangu zamani za mababu! Tulikuwa nayo. Tuliiweka kando kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa wa vitabu, mpole, hana bunduki wala ukoo wa kelele.

Abti akaamua: nimlipe haal mbele ya watu wale wale waliosikia nikimtukana. Nimlipe mshahara wake akiwa amepumzika kwao Ijara mpaka yeye mwenyewe aseme yuko tayari, si mimi niseme. Na nitafute mtu wa pili wa maktaba nimlipe pia, ili pale pasiwe tena na mtu mmoja wa kubeba mji peke yake.

Nilikwenda kumwona hospitalini. Nilikuwa nimebeba chupa ya maziwa ya ngamia na sikujua niiweke wapi. Nikasema, "Pole, Kitaab." Neno dogo, mwanangu, na lilinitoka kama jino.

Akasema, "Ahsante." Kisha akasema jambo ambalo nimelikalia kimya mpaka Hooyo alipotangulia mbele ya haki. "Bati, Salat hakutamka shahada. Alikuwa ananiomba kiberiti. Alisema 'nipe kiberiti' na kioo kikavunjika. Kila siku yule mama anakuja, kila siku namdanganya, na siwezi kuacha kumdanganya, na siwezi kufunga mlango."

"Ulitaka tukufanyie nini?"

"Mtu mmoja akae pale mlangoni aseme, leo hajisikii, njooni kesho. Basi. Sikutaka ngamia."

Hapo ndipo nami nililia. Nilimlilia Salat, aliyenifundisha kubadilisha gia nikiwa utingo, aliyegawana nami mkate mmoja, na ambaye nilikuwa nimejikataza kumlilia kwa sababu Fatiha imesomwa. Kumbe nilikuwa namkasirikia Kitaab kwa kutetemeka kwa niaba yangu. Tulilia wanaume wawili na chupa moja ya maziwa, na muuguzi akafunga pazia bila kuuliza kitu. Mungu amlipe.

Kitaab alirudi kazini mvua zilipokwisha, na fimbo. Lori hakupanda tena, na sikumruhusu mtu amuulize kwa nini. Hooyo alipokuja, yule mtu wa pili alimkaribisha nje, akamketisha, akanywa naye chai, na baada ya muda mama akawa anakuja kunywa chai tu. Mlango ulifungwa adhuhuri, na aliyelalamika alikuja kulalamika kwangu. Hawakuwa wengi.

Sasa wewe, mwanangu. Yule binti amekaa mezani peke yake, akaona panga juu ya kichwa chake, kisha ninyi mkamtafuta damu. Kabla hujaitisha kikao kingine, nenda kwake umwambie pole, kwa mdomo wako, si kwa barua ya kamati. Usimwambie ashukuru Mungu. Hiyo ni kazi yake na Mungu, hukutumwa. Usimwombe akuhadithie. Mpe mapumziko, na mshahara uende nyumbani kwake kama kawaida, kwa maana mtu hawezi kupona huku anahesabu unga. Akirudi akute mwenzake wa kumshikia mlango. Na akisema bado, ni bado. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe ulimi umeshajikwaa, kwa hiyo usikae unaupuliza; nenda ukalipe. Ukinijia tena na habari ya kazi ya kivulini, nitakukalisha kwenye meza ile mwezi mzima, na kila anayeingia aingie na shida yake, tuone kama utatoka na hiyo suti.

Mungu akupe masikio kabla ya mali. Akupe watu watakaokwambia pole siku utakayokuwa huna cha kuwaonyesha. Akulinde njiani na mezani, na awalinde wote wanaokuita bosi. Amin.

Na usiniambie kamati haina fedha. Haal ya Kitaab, mshahara wake wa mapumziko, na mshahara wa aliyemshikia mlango, vyote kwa pamoja, mimi niliyekuwa nanunua matairi bila kuuliza bei nililia kwamba nimefilisiwa: shilingi elfu kumi na saba, mia tatu na hamsini. Hiyo simu niliyokwambia uizime inazidi hapo.